Mazeras, matumbawe au Ndarugu: jiwe lipi likae wapi

Anayejenga leo kati ya Pwani na Nairobi hukutana na majina matatu kabla hajamaliza kuchora ramani ya nyumba: Mazeras (jiwe la mchanga), matumbawe (jiwe la chokaa la Pwani) na Ndarugu (jiwe la majivu ya volkano). Muuzaji humwonyesha rangi. Fundi humpendekezea lile alilolizoea mkono wake. Mhandisi, kama yupo, huuliza ukuta utabeba nini. Swali linalosahaulika ni jiwe lenyewe lilizaliwa vipi, ilhali humo ndimo mna majibu ya mengi anayotaka kujua: litakunywa maji kiasi gani, litapasukia upande gani, chumvi italifanya nini, na kama ni la kubeba mzigo au ni la pambo tu.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji asisubiri. Mazeras ni jiwe la kukanyagwa na la kuvika ukuta. Matumbawe ni jiwe la kuta za Pwani. Ndarugu ni jiwe la kuta za bara. Kila moja linaweza kufanya kazi ya jingine, lakini mara nyingi mwenye nyumba hulipa mara mbili: kwanza nauli ya lori, baadaye marekebisho.

Mazeras: barabara inayorudi nyuma kwa miaka

Safiri kutoka Mombasa kuelekea Nairobi ukiwa na ramani ya miamba mapajani. Kisiwa chenyewe kimekaa juu ya matumbawe ya kale. Ukifika Miritini unaingia kwenye matope yaliyoganda ya kipindi cha Jurasiki. Kisha barabara inaanza kupanda na vituo vinafuatana: Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru. Wanajiolojia waliochora eneo hili waliyachukua majina hayo na kuyapa miamba. Kuna tabaka za Mazeras, za Mariakani, za Maji ya Chumvi na za Taru, na zote kwa pamoja huitwa kundi la Duruma, kwa heshima ya Waduruma ambao ardhi hii ni yao.

Tabaka hizi zimeinamia baharini kidogo, kwa hiyo kadiri unavyokwenda bara ndivyo unavyokanyaga mwamba mkongwe zaidi. Mawe ya Mazeras, yaliyo juu kabisa, yana umri wa takriban miaka milioni 200. Ya Taru, yaliyo chini, yanakaribia milioni 300. Ukipita Taru mawe ya mchanga yanakwisha, na kufika Voi umeshaingia kwenye miamba migumu ya msingi wa bara, ile inayoinuka kuwa vilima vya Taita.

Wakati mchanga huo unatua, Bahari ya Hindi haikuwapo hapa. Madagaska ilikuwa bado imeshikana na Afrika Mashariki ndani ya bara kuu la Gondwana, na ardhi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutanuka na kudidimia. Mito ikashusha mchanga na changarawe kwenye mabonde hayo, na maziwa yakatuliza tope. Ndiyo maana tabaka za Maji ya Chumvi zina visukuku vya samaki, na zile za Mazeras zina vipande vya magogo yaliyogeuka jiwe tupu, nyuzi za mti zikionekana hadi leo. Mito ile ilihama hama, na ukisimama mbele ya ukingo uliokatwa kupisha barabara utaona mistari ya mchanga ikikatizana kwa mshazari, kila mmoja ukionyesha maji yalikokuwa yakielekea siku ile.

Sasa la muhimu kwa mnunuzi. Chembe za mchanga ni kwatzi kwa sehemu kubwa, madini magumu kuliko kisu cha chuma. Zenyewe haziozi wala haziliwi na mvua. Kinachoamua ubora wa jiwe la mchanga ni gundi iliyozishika. Ikiwa ni silika, yaani madini yale yale ya kwatzi, jiwe ni gumu na linadumu. Ikiwa ni oksidi za chuma, jiwe linakuwa la njano, kahawia au jekundu na kwa kawaida ni zuri. Ikiwa ni udongo wa mfinyanzi, jiwe litavutia dukani na litaanza kumwaga unga baada ya misimu michache ya mvua.

Jambo la pili ni kwamba jina la biashara halifuati ramani. Tabaka za Mazeras zenyewe ni nene, zenye chembe kubwa, na hazikubali kwa urahisi kupasuliwa mabamba membamba. Za Mariakani zina chembe ndogo, zimepangika bapa, na kati ya bapa na bapa kuna ulanga, zile chembe zinazometameta juani. Hapo ndipo kabari huingia na bamba hutoka bila shida. Kwa hiyo bamba jembamba lenye vimeta unalouziwa kwa jina la Mazeras lina sura ya tabaka za Mariakani kuliko za Mazeras. Si udanganyifu, soko limezoea kuita hivyo mabamba yote ya ukanda ule. Ila usichague kwa jina. Chagua kwa kipande kilicho mkononi mwako.

Kishike hivi. Kitazame ukingoni, si usoni. Kama unaona mistari mingi iliyobanana na kucha yako inaweza kuingia katika mmojawapo, hapo ndipo kitakapobanduka. Kining'inize kwa vidole viwili na ukigonge kwa nyundo ndogo: jiwe zima hulia, jiwe lenye ufa ndani hutoa sauti ya kufa. Dondoshea maji. Yakitua na kukaa kidogo kabla ya kunyweka, vizuri; yakizama papo hapo na kuacha alama nyeusi inayopanuka, jiwe hilo linakunywa, na usilipeleke mahali penye unyevu. Mwisho sugua ukingo kwa kidole gumba. Vidole vikijaa mchanga, rudisha.

Jiwe hili halikuwa na soko la mbali hadi vyombo vya kubeba vilipokuja. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na njia yake ilipasua katikati ya kundi zima la Duruma. Ilifunua miamba iliyokuwa imefichwa na vichaka, na kwa mara ya kwanza mzigo mzito uliweza kutoka Mazeras kwenda bara bila kubebwa kichwani. Hata hivyo kazi ya timboni yenyewe haikuhitaji mitambo mikubwa: mtaimbo, sururu, kabari, nyundo na tindo. Mchimbaji huondoa udongo wa juu, hutafuta mpasuko wa asili, hugonga kabari kwa kufuatana mpaka tabaka liachie. Anayeijua kazi huusikiliza mlio wa kabari. Ukibadilika, anaacha kupiga na kuingiza mtaimbo.

Matumbawe: jiwe lenye historia ndefu kuliko yote

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu hakuna jiwe Afrika Mashariki lenye kumbukumbu ya ujenzi kama hili.

Matumbawe yanayojengea Pwani ya Kenya ni miamba ya nchi kavu. Ni masalia ya bahari iliyokuwa juu kuliko ya leo, na sehemu kubwa yake ina umri wa takriban miaka 125,000. Kwa hesabu za jiolojia hilo ni jana. Jiwe halijapata muda wa kubanwa wala kupikwa. Bado lina matundu, makombe na matawi ya tumbawe unayoweza kuyahesabu. Ni chokaa tupu kwa asili yake, na madini yake ni laini kuliko kisu. Ndiyo sababu msumeno hulipenya.

Kuna tumbawe la aina nyingine katika majengo ya kale: lile lililokatwa likiwa hai kutoka miambani baharini. Likiwa bado bichi ni laini, fundi hulichonga nakshi za mihrabu, miimo ya milango na zidaka (vishubaka vya ukutani), kisha hukauka na kuwa gumu. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi na mwaka unaolingana na 1107, ni kazi ya namna hiyo. Leo hakuna sababu ya kugusa tumbawe hai. Mwamba wa baharini ndio ukuta unaozuia mawimbi kula pwani, na ndio nyumba ya samaki.

Watu wengi hudhani miji ya Waswahili ilikuwa ya mawe tangu mwanzo. Sivyo. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbuaji wa kiakiolojia ulionyesha misikiti ya miti ikitangulia ya mawe mahali pale pale. Msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alipopita Mombasa mwaka 1331 aliiona misikiti ya mbao, tena akaisifu kwa uimara. Mawe yalienea polepole, pamoja na mali. Gede, Mnarani, Jumba la Mtwana na Lamu ni ushahidi wa jinsi yalivyotumika: vipande visivyochongwa sana, vilivyozamishwa kwenye chokaa nyingi, ukuta ukiwa na unene wa nusu mita au zaidi, kisha lipu laini juu. Upana wa vyumba haukuamuliwa na jiwe bali na boriti za mikoko zilizobeba dari, na ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita tatu.

Chokaa nayo ilitoka kwenye jiwe hilo hilo. Magogo hupangwa kwa duara, vipande vya matumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa, na jiwe hugeuka chokaa mbichi. Ikishazimwa kwa maji na kuachwa ikae, huwa laini na yenye kunata. Ukuta na gundi yake vikawa kitu kimoja: vyote vinapumua, vyote vinapanuka na kusinyaa kwa kiasi kinachofanana. Siri ya nyumba za mawe za Pwani imekaa hapo.

Wareno walipoanza Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, hawakuleta jiwe kutoka kwao. Waliikalisha ngome juu ya mwamba wa matumbawe, wakachonga handaki humo humo, na kuinua kuta kwa jiwe la hapo. Ngome hiyo, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, imekaa ukingoni mwa bahari kwa zaidi ya miaka 400. Jambo lililoisumbua zaidi ni mawimbi yaliyokuwa yakila mwamba chini yake, wala si ukuta kukataa kubeba.

Matumbawe ya leo hukatwa kwa mashine kuwa matofali makubwa, hasa katika kaunti ya Kilifi. Likitoka chini ya ardhi huwa jeupe, lenye unyevu na rahisi kukwaruzika. Likikaa nje maji yake ya ndani hukauka, yakiacha chokaa kwenye uso, nalo hukaza. Kwa hiyo jiwe lililokatwa jana si la kujengea leo. Liache lipigwe na upepo kwanza.

Ndarugu: majivu yaliyokuwa jiwe

Hili ni la kueleza kwa ufupi, si kwa kuwa halina maana, bali kwa kuwa halina siri nyingi. Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, volkano zilimwaga majivu juu ya nyanda za Nairobi na Kiambu mara kwa mara kwa mamilioni ya miaka. Majivu yalijipanga, yakajibana, yakawa jiwe jepesi la kijivu linalokubali msumeno. Kwenye machimbo ya Ndarugu, karibu na Juja, mashine yenye msumeno wa duara hutembea juu ya reli fupi sakafuni mwa timbo, ikichora mistari, na mawe hung'olewa yakiwa na kingo zilizonyooka tayari. Jirani yake sokoni ni jiwe la Njiru, upande wa mashariki wa Nairobi, lenye rangi ya kuelekea samawati.

Huuzwa kwa futi, kwa vipimo ambavyo kila fundi wa Nairobi anavijua bila karatasi: tisa kwa tisa, sita kwa tisa, nne kwa tisa, zote kwa inchi. Futi moja ya tisa kwa tisa ina uzito wa kilo 25 hadi 35 hivi, kutegemea ukavu. Kingo zilizonyooka humaanisha saruji kidogo kati ya mawe na siku chache za kazi. Hapo Ndarugu halina mshindani bara.

Udhaifu wake ni uvimbe wa povu la volkano na mifuko ya udongo ndani ya jiwe. Kagua lori kabla halijamwagwa: jiwe lenye madoa laini unayoweza kuyachimba kwa ufunguo wa mlango litaliwa na mvua pale pale kwenye doa. Pia hunyonya maji kutoka ardhini, hivyo karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi si anasa.

Ukuta unaobeba nyumba

Kwa kazi hii Mazeras lishuke kwenye mizani mapema. Si kwamba haliwezi kubeba. Jiwe nene la mchanga lililoshikwa na silika hubeba vizuri sana, na duniani kuna makanisa na madaraja mengi ya jiwe la aina hiyo. Tatizo ni umbo linalouzwa. Mabamba yasiyolingana hudai saruji nyingi na fundi mvumilivu, na ukuta wa namna hiyo hutoka ghali bila kuwa imara zaidi. Ukipata mawe manene yaliyochongwa, yalaze kama yalivyolala ardhini, tabaka zikiwa za mlalo. Jiwe la mchanga likisimamishwa wima chini ya mzigo hujipasua lenyewe.

Kati ya matumbawe na Ndarugu, amua kwa ramani. Umbali wa barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na jiwe la ukuta ni mzigo mkubwa usio na thamani kubwa kwa tani. Anayejenga Malindi akiagiza Ndarugu kwa sababu ya kingo zilizonyooka ananunua dizeli. Anayejenga Kiambu akitaka weupe wa matumbawe anafanya vivyo hivyo, na mvua za huko, pamoja na baridi isiyokausha ukuta haraka, zitampa ukungu mweusi.

Msingi ni habari nyingine. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Nairobi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hapo uondolewe, na msingi ukalie mwamba au mawe magumu ya volkano yasiyonyonya. Ndarugu laini lisizikwe kwenye maji. Pwani, mara nyingi mwamba wa matumbawe uko karibu na uso na nyumba hukaa juu yake moja kwa moja. Lakini pima kwa mtaimbo kila pembe, maana matumbawe yana mapango, na pango lisilojulikana chini ya pembe ya nyumba ni balaa.

Sakafu, ua na njia ya gari

Hapa Mazeras hushinda bila mabishano. Uso wake uliopasuka kwa asili una ukwaruzo unaoshika mguu hata ukiwa na maji, kwatzi haichakai kwa nyayo, na rangi yake haifichi wala haionyeshi vumbi kupita kiasi. Matumbawe kwenye njia ya gari husagika kuwa unga mweupe. Ndarugu hukatika kingo.

Mapatano muhimu ni unene. Kwa njia ya miguu, bamba la sentimita mbili hadi tatu juu ya zege linatosha. Kwa gari, usikubali bamba jembamba hata kama muuzaji ameapa. Jiwe halivunjwi na uzito peke yake bali na nafasi tupu chini yake. Bamba likilazwa kwa vidonge vitano vya saruji, vinne pembeni na kimoja katikati, gurudumu litaliona pengo. Lilazwe juu ya saruji iliyojaa chini yote, ligongwe kwa nyundo ya mpira, na ukiligonga kesho yake lisitoe sauti ya uwazi.

Kuzunguka bwawa la kuogelea, chagua Mazeras lenye gundi ya silika. Jaribio rahisi ni tone la ndimu au siki: likitoa povu, jiwe lina chokaa, na dawa za asidi za kusafishia zitalila. Matumbawe hutoa povu kila mara, kwa hiyo yeyote mwenye sakafu au ukuta wa matumbawe aiweke mbali dawa ya choo.

Kuvika ukuta

Hii ndiyo kazi iliyolipatia Mazeras umaarufu Nairobi, na ndiyo kazi inayoharibiwa zaidi. Bamba likibandikwa ukutani tabaka zake huwa zimesimama wima, uso kwa uso na mvua. Maji yakipenya nyuma na kukauka, huacha chumvi kati ya tabaka, chumvi hukua na uso hubanduka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Kinga ni tatu, na hazina ufundi wa ajabu: chagua mabamba yaliyobanana, jaza saruji nyuma yote, na ziba sehemu ya juu ya ukuta ili maji yasishuke kwa ndani.

Mita moja ya mraba ya bamba lenye unene wa sentimita tatu ina uzito unaokaribia kilo 70. Kwa ukuta wa geti hilo si kitu. Kwa ghorofa ya pili, saruji peke yake isiaminiwe. Pini za chuma kisichoshika kutu zishike jiwe kwenye ukuta wa ndani, na mhandisi aone.

Kisha kuna vanishi. Mtindo wa kupaka Mazeras vanishi inayong'aa umeenea mpaka watu wanadhani ndivyo jiwe linavyotakiwa kuwa. Kwangu ni hasara ya jiwe na ya fedha. Jiwe lililofungwa uso haliwezi kutoa unyevu unaoingia kwa nyuma; vanishi huvimba, hugeuka nyeupe, na kuikwangua kunaondoa uso wa jiwe nayo. Unayetaka rangi ikolee tumia dawa inayoingia ndani ya jiwe na kuliacha lipumue, au uliache lilivyo. Mvua hulikoleza lenyewe.

Ufukweni

Mita mia kutoka baharini, hewa yenyewe ni chumvi. Matumbawe yamezoea, yalizaliwa humo. Lakini hayakuzoea saruji. Nyumba ya zamani ya Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Zanzibar ikipigwa lipu ya saruji ngumu, unyevu hufungiwa ndani, chumvi husukuma, na baada ya muda lipu huanguka ikiwa imeshikilia ngozi ya jiwe. Tumia chokaa kwa ukuta wa chokaa, na fundi anayekwambia saruji ni bora kwa sababu ni ngumu zaidi hajaelewa tatizo. Kwa nyumba mpya ya matofali ya matumbawe, mchanganyiko dhaifu wa saruji na chokaa hutosha. Mchanga usichotwe ufukweni.

Mazeras ufukweni hufaa sakafuni, chini ya kivuli na kwenye ngazi. Kwenye ukuta unaopigwa na upepo wa kusi moja kwa moja, nisingelibandika.

Vumbi na mashimo

Kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kulikata Mazeras kwa grainda kavu hutoa vumbi la kwatzi laini kiasi cha kutoonekana, nalo likiingia mapafuni halitoki. Huacha makovu na ugonjwa usioponywa. Ndarugu nalo lina hatari hiyo, ila hatari ya matumbawe ni ndogo kuliko yao. Leso puani haisaidii. Maji kwenye msumeno na barakoa ya kweli ndiyo kinga, na mwenye nyumba ndiye mwenye uwezo wa kudai hivyo kabla ya kazi kuanza.

Timbo pia hubaki baada ya jiwe kuondoka. Jaa la Dandora, Nairobi, lilianza kwenye timbo lililoachwa. Huko Bamburi, ambako matumbawe yamechimbwa kwa ajili ya saruji tangu 1954, René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha saruji cha hapo, alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye sakafu ya mwamba mtupu, na leo mahali hapo ni msitu wenye wanyama. Mashimo ya aina ya tatu ndiyo mengi zaidi: hayakugeuzwa jaa wala msitu, yamejaa maji ya mvua, na watoto huogelea humo na kuzama. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka uchimbaji mawe ufanyiwe tathmini ya athari kwanza. Kumuuliza muuzaji jiwe limetoka timbo gani, na kama lina leseni, ni haki ya mnunuzi.

Unapoagiza

Nenda timboni mwenyewe au umtume mtu mwenye macho. Kwa Mazeras, agiza yote kwa mara moja kutoka rundo moja, kwani tabaka la juu na la chini katika timbo lile lile huweza kutofautiana rangi, na kiraka cha mwaka kesho kitaonekana toka barabarani. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mivunjiko. Kwa mabamba ya maumbo huru ongeza zaidi. Lori la tani kumi hubeba kama mita za mraba 140 za bamba la sentimita tatu, kwa hiyo ukiambiwa 200 zimepakiwa, ama lori limezidishiwa mzigo ama bamba ni jembamba kuliko mlivyokubaliana. Pima unene kwa rula, vipande kadhaa kutoka katikati ya lori, kabla ya kutia sahihi.